Daftari la Mali ya Umma: Namna ya Kuisoma Hesabu ya Kaunti Mwaka Baada ya Mwaka



Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haihusu Swala, wala Saumu, wala Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqarah, na mada yake ni deni. Ndani yake Mola wetu ametuamrisha kuandikiana, ametaja mwandishi na sifa yake, ametaja mashahidi, na ametukataza kuchoka kuandika hata kama jambo lenyewe ni dogo. Wanazuoni wameitolea aya hii mafunzo mengi ya biashara. Makala haya yanachukua funzo moja tu, kwamba haki ya watu hulindwa kwa maandishi, na kulipeleka mahali ambapo sisi wa pwani hatujazoea kulipeleka: kwenye hesabu ya fedha za kaunti zetu.

Fedha hizo zimo ndani ya nyumba zetu, tukitaka tusitake. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti zahanati na hospitali za kaunti, maduka ya dawa ya hospitali hizo, ambulensi, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji na usafi, masoko, na barabara za kaunti. Mama mjamzito anayefika zahanati usiku akakuta hakuna taa, mtoto wa miaka minne anayeketi chini kwa kukosa kiti, bibi anayenunua maji kwa mtungi ilhali bomba limepita mbele ya mlango wake: hao wote wanaguswa na tarakimu zilizoandikwa katika bajeti ya kaunti.

Kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Tangu wakati huo hadi leo, mazungumzo yetu barazani juu ya fedha hizi yamekuwa ya namna mbili. Kuna asemaye kwamba pesa zimeliwa, na kuna asemaye kwamba pesa hazikuletwa. Yote mawili ni hukumu, na katika dini yetu hukumu haitolewi bila ushahidi. Ushahidi wenyewe upo. Umeandikwa, umechapishwa, na kwa sheria ni wazi kwa kila mwananchi. Kilichobaki ni mtu wa kuufungua, kuusoma na kuuweka kwa mpangilio wa miaka.

AMANA NA MUHASIBU WAKE

Imepokewa katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim kisa cha mtu aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alimtuma kukusanya sadaka za kabila la Banu Sulaym. Aliporudi aligawa mali aliyokuja nayo mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume hakuliridhia hilo. Aliuliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama zawadi hizo zingemfuata huko. Kisha akapanda mimbari na kuwahutubia watu juu ya jambo hilo hadharani.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwetu. La kwanza, mtumishi wa umma alihesabiwa aliporudi. Kutumwa kwake na Mtume mwenyewe hakukumwondolea wajibu wa kutoa hesabu. La pili, jambo lilipobainika lilisemwa mbele ya watu, kwa sababu mali ilikuwa ya watu. Kwa hiyo mama anayeuliza fedha za dawa zimekwenda wapi hajafanya fitina wala hajavunja heshima ya viongozi. Ameshika mwendo uliofundishwa na mbora wa viumbe.

Katiba yetu nayo imeelekea huko huko. Kifungu cha 201 kimetaja uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa umma kuwa misingi ya fedha za serikali. Kifungu cha 35 kimempa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali.

HESABU ZIKO WAPI?

Mwaka wa kifedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Ndani ya mwaka huo, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka nyaraka na tarehe zake. Kufikia tarehe 1 Septemba kaunti iwe imewasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia tarehe 28 Februari iwasilishe waraka wa mwelekeo wa matumizi. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yafike katika bunge la kaunti, na kabla ya Julai kuingia yawe yameidhinishwa. Kila baada ya miezi mitatu kaunti hutakiwa kuandaa na kutangaza ripoti ya fedha ilizopata na ilizotumia.

Zaidi ya nyaraka za kaunti yenyewe, kuna ofisi mbili za kitaifa ambazo kazi zao zinatufaa sana.

Ya kwanza ni ya Msimamizi wa Bajeti. Fedha za kaunti hazitolewi katika hazina pasina idhini yake, na yeye hutoa ripoti za utekelezaji wa bajeti za kaunti zote 47: ya robo mwaka, ya nusu mwaka, ya miezi tisa na ya mwaka mzima. Ripoti hizo huwekwa katika tovuti ya ofisi hiyo, na kila kaunti ina sura yake. Mtu wa Kwale hana haja ya kusoma kurasa zote. Atafute sura ya Kwale tu.

Ya pili ni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Yeye huja baada ya fedha kutumika. Katiba imemtaka akague na kutoa ripoti ndani ya miezi sita tangu mwaka wa kifedha kumalizika. Maoni yake huwa ya daraja nne: hesabu safi, hesabu yenye kasoro maalumu zilizotajwa, hesabu isiyoaminika, na daraja la chini kabisa, ambapo Mkaguzi hukataa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka za kutosha. Ukilijua daraja ambalo kaunti yako imepewa kwa miaka mitano mfululizo, umeshajua jambo kubwa kabla hujasoma ukurasa wa pili.

Yapo pia yaliyojaribiwa yakafifia. Mwezi Julai 2011 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilizindua tovuti ya takwimu huria za Kenya, na nchi yetu ikasifiwa kuwa mstari wa mbele barani Afrika kwa jambo hilo. Lakini majedwali mengi yaliyowekwa humo hayakuendelezwa mwaka hadi mwaka. Takwimu isiyoendelezwa ni kama daftari la dukani lililoandikwa mwezi mmoja kisha likaachwa: haliwezi kukwambia kama duka linapata faida au linakufa.

TARAKIMU TATU ZISIZOFANANA

Kosa linalotupotosha zaidi ni kuichukua tarakimu moja na kuiita bajeti. Katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, kila idara ina tarakimu tatu, na kila moja ina maana yake.

Tarakimu ya kwanza ni fedha zilizoidhinishwa, yaani ahadi. Bunge la kaunti limekubali kwamba idara ya afya itumie kiasi fulani. Hapo bado hakuna hata shilingi iliyotoka. Ya pili ni fedha zilizotolewa kutoka hazina na kufika katika akaunti ya matumizi. Ya tatu ni fedha zilizotumika kweli. Ile ya kwanza hutangazwa wakati wa bajeti, nayo ndiyo husikika redioni. Anachokutana nacho mgonjwa zahanati ni matokeo ya ile ya tatu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme kijiji kimeahidiwa wodi ya akina mama kujifungulia. Mwaka wa kwanza ziliidhinishwa shilingi milioni 12, zikatolewa milioni 3, zikatumika milioni 3. Mwaka wa pili ziliidhinishwa tena milioni 12, lakini hakikutolewa kitu. Mwaka wa tatu ziliidhinishwa milioni 15, zikatolewa milioni 9, zikatumika milioni 8. Mwaka wa nne ziliidhinishwa milioni 6, zikatolewa zote na zikatumika zote.

Aliyesikia matangazo ya miaka yote minne atajumlisha na kusema kwamba wodi imemeza milioni 45, na atakasirika akiona jengo dogo. Hasira yake haina msingi wa haki, kwani zilizotumika ni milioni 17. Aliyesoma mwaka wa nne peke yake naye atasema kwamba mambo ni mazuri sana, fedha zote zimetoka na zote zimefanya kazi. Naye hajaona ukweli, kwani mradi umekaa mwaka mzima bila senti na akina mama wakaendelea kujifungulia majumbani.

Lakini aliyeiweka miaka minne bega kwa bega ana maswali matatu ya haki mkononi mwake. Je, kwa nini mwaka wa pili hakikutolewa chochote? Milioni moja iliyotolewa mwaka wa tatu na haikutumika ilikwenda wapi? Na jengo lililosimama pale, kwa macho ya fundi mwaminifu, lina thamani ya milioni 17? Maswali haya hayamtuhumu mtu, lakini kiongozi hawezi kuyakwepa kwa hotuba.

Ifahamike kwamba ripoti ya Msimamizi wa Bajeti mara nyingi hukomea kwenye idara. Anayetaka mradi mmoja atazame orodha ya miradi iliyoambatishwa kwenye bajeti, iliyopangwa wadi kwa wadi, na ripoti za robo mwaka za kaunti. Jina la mwanakandarasi na thamani ya mkataba ni taarifa ambazo serikali iliagiza tangu mwaka 2018 ziwe zikitangazwa katika tovuti ya taifa ya zabuni.

MWAKA MMOJA HAUTOSHI

Nabii Yusuf, amani imshukie, alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakutazama mavuno ya mwaka mmoja. Aliona miaka saba ya neema, kisha saba ya ukame, na akapanga ghala kwa hesabu ya miaka yote. Alipoomba akabidhiwe hazina za nchi, sifa mbili alizojitajia zilikuwa uhifadhi na ujuzi. Mali ya umma inataka yote mawili: mikono isiyopoteza, na jicho linaloona mbali.

Tutazame mgao ambao serikali ya taifa hugawia kaunti zote kwa jumla. Mwaka wa kifedha 2013/14 ulikuwa shilingi bilioni 190. Mwaka 2019/20 ulifika bilioni 316.5. Mwaka 2020/21 ukabaki pale pale, bilioni 316.5. Mwaka 2021/22 ukapanda hadi bilioni 370, na mwaka 2022/23 ukabaki tena bilioni 370. Mwaka 2023/24 ulikuwa bilioni 385.4.

Msomaji wa haraka atasema kwamba fedha zimeongezeka maradufu tangu mwanzo. Ni kweli kwa tarakimu. Lakini mama anayekwenda sokoni anajua jambo ambalo tarakimu hizo hazilisemi. Mwezi Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6. Ikiwa mgao umebaki bilioni 370 kwa miaka miwili na huku bei ya dawa, mafuta na saruji inapanda, basi bilioni 370 za mwaka wa pili zilinunua vitu vichache kuliko za mwaka wa kwanza. Ni sawa na mume anayeacha fedha ile ile ya matumizi kila siku na kudai kwamba hajapunguza kitu. Mwenye kupika ndiye anayejua.

Jambo la pili la kupimwa ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2009 iliihesabia Kilifi watu 1,109,735. Ile ya mwaka 2019 ikahesabu 1,453,787. Zaidi ya watu laki tatu wameongezeka, na wote wanataka maji na matibabu. Kwa hiyo usilinganishe fedha za mwaka wa kale na za sasa kabla ya kuzigawa kwa vichwa.

Kugawa huko kwaweza kuondoa hata chuki baina ya majirani. Mwaka 2021/22 mgao wa Kilifi ulikuwa takriban shilingi bilioni 11.6 na wa Lamu takriban bilioni 3.1. Kwa jumla, Lamu ni ndogo mno. Lakini ukigawa kwa idadi ya watu ya sensa ya 2019, Kilifi inapata kama shilingi 8,000 kwa kila mtu na Lamu zaidi ya shilingi 21,000. Asiyejua atasema kuna upendeleo. Ukweli ni kwamba kanuni ya mgao haitazami idadi ya watu peke yake. Kuna fungu ambalo kaunti zote hupewa sawasawa, kwa kuwa kila kaunti lazima iwe na bunge, hospitali na maofisa hata ikiwa ndogo, na kuna mafungu yanayotazama ukubwa wa ardhi na umaskini. Tena mgonjwa wa Kiunga au Faza kumfikisha hospitali ni gharama ambayo mkaazi wa mjini Kilifi haijui. Tarakimu bila maelezo huzaa chuki. Tarakimu iliyoelezwa huzaa uelewano.

La tatu ni kutazama fungu la maendeleo. Sheria inataka, kwa kipindi cha miaka kadhaa, angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo: majengo, mabomba, barabara, vifaa. Na kanuni za mwaka 2015 zimeweka kwamba mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimekuwa zikionyesha mara kwa mara kwamba kaunti nyingi hazifikii kiwango cha maendeleo na huvuka kiwango cha mishahara. Je, kaunti yako iko wapi? Andika asilimia hizo mbili kwa kila mwaka, kisha uone mstari unapanda au unashuka.

La nne ni madeni ya wanakandarasi na wauzaji. Hawa wamo miongoni mwetu: kijana aliyeleta mchanga, mama aliyepika chakula cha semina, mwenye duka aliyekopesha madaftari. Kazi imefanyika, hati imetiwa saini, malipo hayaji. Dini yetu ina msimamo mkali juu ya ujira unaocheleweshwa, na deni la kaunti ni deni kama madeni mengine. Deni likikua kila mwaka ilhali bajeti za miradi mipya zinaendelea kutangazwa, hiyo ni dalili kwamba kaunti inaahidi kwa fedha ambazo tayari ni haki ya watu wengine.

Na la mwisho katika mlango huu: andika tarehe ya waraka unaousoma. Mgao wa mwaka 2024/25 kwanza ulipitishwa kuwa bilioni 400.1, lakini baada ya Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 kuondolewa, ulipunguzwa hadi bilioni 387.4. Watu wawili waweza kubishana hadi usiku, na kila mmoja ana waraka wa kweli, kwa sababu tu mmoja ameshika wa mwanzo na mwingine ameshika wa mwisho.

LILILOTOKEA KWA JIRANI ZETU

Huenda msomaji akauliza: je, kuzijua tarakimu hizi kumewahi kumsaidia mzazi yeyote? Jibu lipo karibu, nchini Uganda. Katika miaka ya 1990 serikali ya huko ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipofuatilia fedha za miaka ya 1991 hadi 1995, waligundua kwamba kwa wastani shule zilikuwa zikipokea asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Zilizobaki zilipotelea njiani, katika ofisi za wilaya.

Serikali ikaanza kuchapisha katika magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika tangazo la fedha zilizopokea. Sasa mzazi na mwalimu mkuu waliweza kulinganisha kilichotoka na kilichofika. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika shuleni. Wako wanazuoni wa uchumi wanaosema kwamba mageuzi mengine ya wakati huo nayo yalichangia, na kauli yao ina uzito. Hata hivyo kisa hiki kinatufundisha kwamba anayepeleka fedha gizani na anayezipeleka akijua kuwa wazazi wameona kiasi chake, hawatembei mwendo mmoja.

ADABU YA KUULIZA

Suratul Hujurat imetufunza, katika aya yake ya sita, kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Adabu hii inamhusu sana anayeshika tarakimu za serikali. Fedha kutotumika si ushahidi wa wizi. Yaweza kuwa Hazina ya Taifa imechelewesha mgao, jambo ambalo limekuwa likitokea mara nyingi. Yaweza kuwa zabuni imepelekwa mahakamani, au mvua imekata barabara. Vilevile fedha kutumika zote si ushahidi wa uaminifu, kwani zaweza kutumika zote na jengo lisiwepo.

Kwa hiyo tuulize kwanza, tusikilize jibu, tuliandike, kisha ndipo tuseme. Haifai kuipiga picha jedwali moja na kuisambaza katika simu za watu pamoja na jina la ofisa na neno mwizi. Huyo ni Muislamu au mwanadamu mwenye heshima yake, na ulimi utaulizwa siku ya Kiyama kama mkono utakavyoulizwa.

Adabu nyingine ni kuanza na nafsi zetu. Je, kamati ya msikiti wetu hubandika ubaoni hesabu ya michango ya Ijumaa? Je, wazazi wa madrasa wanajua ada zao zimetumikaje? Je, mali ya wakfu ina daftari linaloweza kufunguliwa mbele ya watu? Tukiifungulia kaunti mlango wa maswali huku wetu tumeufunga, maneno yetu hayatakuwa na uzito.

NJIA YA KUANZIA

Akina mama wa pwani hawafundishwi kuweka hesabu. Kikundi cha mchezo wa pesa huendeshwa kwa daftari, na hakuna anayethubutu kula zamu ya mwenziwe. Mwenye mali iliyofika nisabu huuhesabu mwaka wa zaka yake. Ujuzi huo huo unatosha.

Kwanza, chagueni jambo moja tu: dawa za zahanati moja, au maji ya mtaa mmoja, au chekechea moja. Anayetaka kuikagua kaunti nzima atachoka kabla ya mwezi kwisha.

Pili, chukueni daftari, mpige mistari ya safu tano: mwaka, fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa, zilizotumika, na tuliyoyaona kwa macho. Safu hiyo ya tano hakuna ofisi iwezayo kuijaza isipokuwa nyinyi. Andikeni kwamba mwezi fulani dawa za watoto zilikosekana kwa wiki tatu, au kwamba jengo limeezekwa lakini halina milango.

Tatu, nyaraka nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo ni pazia linalowafunika wengi. Liondoeni kwa watoto wenu. Msichana wa sekondari aweza kusoma, mama akafasiri kwa uzoefu wake, na bibi akakumbuka ahadi ya miaka sita iliyopita. Saa moja baada ya darsa, mara moja kwa miezi mitatu, yatosha.

Nne, lililokosekana katika ripoti liombeni kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuandika kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisa anayehusika. Kuomba hakuna ada. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili kurasa tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman. Hifadhini nakala ya barua yenye muhuri wa siku iliyopokewa.

Tano, nendeni katika vikao vya kukusanya maoni ya umma mkiwa na daftari hilo. Mara nyingi akina mama huketi nyuma, na wanaume husema maneno marefu yasiyo na tarakimu hata moja. Mama mmoja akisimama na kusema kwa upole, "Mheshimiwa, wodi yetu imo katika bajeti kwa mwaka wa nne, na hii hapa hesabu ya kila mwaka," kikao kitanyamaza kumsikiliza. Ijulikane pia kwamba shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya taifa, ili swali lisipelekwe kwa asiyehusika.

Sita, asante ielekezwe pale inapostahiki. Ikiwa miaka mitatu mfululizo zahanati imepata fedha zake na dawa zipo, mwandikieni msimamizi barua ya kumshukuru. Ofisa mwaminifu hufanya kazi katika upweke, na kumtambua ni kumpa nguvu.

Viongozi hubadilika kila uchaguzi, na kila ajaye hudai kwamba aliikuta meza tupu. Wananchi hawabadiliki. Wao ndio wanaoweza kuikumbuka miaka yote, na kumbukumbu iliyoandikwa haipingiki kwa sauti ya kipaza. Kijiji kitakachokuwa na daftari la miaka mitano juu ya zahanati yake kitakuwa na kitu ambacho hata bunge la kaunti litakihitaji.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafanye wepesi waliobeba amana za watu, awape watumishi waaminifu subira na malipo mema, awajaalie mama zetu wajifungue katika amani, na atujaalie sote kuwa miongoni mwa wanaojihesabu kabla ya kuhesabiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.